Hadithi unaijua mpaka mwisho, na bado mwili unasisimka: uzi wa tamthilia za roki jukwaani

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba tuzungumzie jambo ambalo humu ndani hatuligusi sana: tamthilia za muziki wa roki, zile zinazochezwa mubashara, waigizaji mbele yako na bendi ikipiga papo hapo. Filamu zake tuziweke kando, na vile vipande vya video vinavyozunguka mitandaoni pia. Nataka tuongelee kukaa ukumbini, taa zikazimwa, gitaa la umeme likaanza.

Hoja yangu ni hii na nitaitetea. Msisimko wa tamthilia ya roki hautoki kwenye ukubwa wa sauti. Unatoka pale hadithi iliyokwisha kuandikwa inapokutana na mwili wa mtu ambao hakuna anayejua utafanya nini usiku huo. Hadithi ni ile ile ya jana na ya kesho. Koo la mwimbaji halina ahadi hiyo. Sisi watazamaji tunakaa katikati ya hayo mawili, na hapo ndipo damu inapochemka.

Chukueni Jesus Christ Superstar ya Andrew Lloyd Webber na Tim Rice. Nani hajui inavyoisha? Jina la msaliti tunalijua kabla hata ya kukata tiketi. Lakini tamthilia inaanza na gitaa moja, peke yake, lenye wasiwasi ndani yake, na mtu wa kwanza kuimba ni Yuda. Anaimba kwa hofu na hasira, anamwonya rafiki yake kwamba umati huu utamponza, na chini ya maneno yake gitaa linarudia kifungu kile kile kama mtu anayegonga mlango usiku. Wimbo huo ukiisha umeshasahau kwamba mwisho unaujua. Umemsikiliza mtu anayejaribu kuzuia jambo, na umetamani afaulu.

Halafu unakuja wimbo wa Gethsemane. Yesu yuko peke yake jukwaani, anamuuliza Mungu kwa nini afe. Ndani yake kuna noti moja ya juu mno ambayo Ian Gillan wa bendi ya roki ya Deep Purple aliipigia ukelele kwenye albamu ya 1970, na tangu hapo kila anayepewa nafasi hiyo anajua kwamba ukumbi mzima unaingoja. Niliwahi kuketi karibu kiasi cha kuona mishipa ya shingo ya mwimbaji ikijaa kabla hajaifikia. Jirani yangu, mtu nisiyemjua, alikuwa ameng'ang'ania mkono wa kiti. Noti ilipotoka haikuwa laini. Ilikuwa na mpasuko pembeni, na ule mpasuko ndio uliomgeuza kutoka mwimbaji hodari akawa mtu anayeogopa kufa. Studio wangeirudia mpaka inyooke. Pale ilikuwa imeshatoka, imeshatupata, na haikuwa na marudio.

Na kuna mapigo 39 ya viboko anayochapwa Yesu. Pilato anahesabu kwa sauti, moja baada ya jingine, bendi ikisukuma nyuma yake, na haruki hata moja. Ukiwa na rekodi nyumbani unaweza kusogeza mbele. Ukumbini huna pa kukimbilia. Katika utayarishaji wa 2016 pale Regent's Park, London, ukumbi usio na paa, kila pigo lilikuwa konzi ya vumbi la kumetameta lililorushwa mwilini mwa Yesu, na Yuda alipochukua fedha za usaliti mikono yake ilitoka imepakwa rangi ya fedha, ikabaki hivyo hadi mwisho wake. Anashika maikrofoni, tunaiona ile mikono. Hakuna mstari wowote wa maneno ungeweza kusema zaidi.

Niongeze kwamba kazi hii ilianza kama albamu kwa sababu hawakupata wa kuwapa fedha za kuipandisha jukwaani. Albamu ikavuma, na Oktoba 1971 ikafunguliwa Broadway, eneo la majumba makubwa ya tamthilia New York. London ikafuata Agosti 1972 na haikuteremka mpaka 1980, baada ya maonyesho 3,358. Watu waliokuwa na santuri nyumbani, wanaojua kila neno, walikwenda hata hivyo. Walifuata nini? Hilo ndilo swali la uzi huu.

Karibuni. Aliyewahi kuona aseme alichokiona, asiyewahi aulize.

Kinubi

Mkuu, umeandika kwa moyo. Swali langu la kweli kabisa: hii inatofautianaje na tamasha la bendi? Kwenye tamasha pia kuna gitaa, kuna sauti inayoweza kukatika, kuna umati. Mimi ni mtu wa matamasha na sijaona kwa nini nihitaji hadithi juu yake.

Pazia Jekundu

Swali zuri, Kinubi, na mimi matamasha nayapenda vilevile.

Kwenye tamasha mwimbaji anakuja kama yeye. Anakuimbia nyimbo zake, na akimaliza wimbo anabaki yule yule aliyeuanza. Kwenye tamthilia, wimbo ni tendo. Mhusika anaingia kwenye wimbo akiwa hajaamua, anatoka akiwa ameamua, na maisha ya watu wengine jukwaani yanapinda kwa sababu hiyo.

Mfano. Next to Normal, ya Tom Kitt na Brian Yorkey, ilifika Broadway 2009 na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Pulitzer ya tamthilia. Inamhusu mama mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha. Dawa zimemtuliza, familia inapumua. Kisha anaimba kwamba anavikosa vilele na mabonde ya zamani, kwamba utulivu huu umemfuta. Wimbo unaanza taratibu, karibu wa kumbembeleza mtoto, halafu bendi inafunguka na wewe uliyeketi unafurahi, kichwa kinaanza kutikisika, kwa sababu muziki ni mtamu mno. Na ndipo anazitupa dawa zote. Umeshangilia uamuzi utakaomwumiza. Muziki ulikuingiza ndani ya ugonjwa wake ukauona kwa macho yake. Kwenye tamasha sijawahi kutendewa hivyo na wimbo.

Ndiyo maana pia sizipi alama sawa zote. We Will Rock You ilikaa Dominion Theatre, London, kuanzia 2002 hadi 2014, na nyimbo zake ni za Queen, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Zanzibar. Ukiingia utaimba mpaka ukauke koo. Lakini hadithi ilishonwa baadaye ili kuzibeba nyimbo ambazo tayari zilikuwa na maisha yao, na mshono unaonekana. Raha yake ni raha ya tamasha, raha halali kabisa. Ila si hii ninayoisema.

Fundi wa Spika

Nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya sauti, kwa hiyo niruhusuni niingie upande wa mitambo, maana huko msisimko unatengenezwa au unauawa.

Roki ikiingia kwenye jumba la tamthilia inaleta tatizo moja kubwa: dramu. Gitaa la umeme unaweza kulipunguza, kinanda vilevile. Dramu ikipigwa kwa nguvu inajaza ukumbi yenyewe bila waya wowote, na inaingia kwenye kila maikrofoni iliyo wazi. Ndiyo maana mara nyingi mtamwona mpiga dramu amefungiwa ndani ya kuta za plastiki angavu. Wakati mwingine yuko chumba kingine kabisa na anamwona kiongozi wa muziki kwenye skrini ndogo, huku kiongozi naye akiongoza kwa kichwa kwa sababu mikono yake iko kwenye kinanda.

Maikrofoni za waigizaji ni vitu vidogo sana, hufichwa kwenye mstari wa nywele juu ya paji la uso. Zikiachwa wazi zote kwa pamoja, unapata uji wa kelele. Kwa hiyo anayeendesha meza anafungua ya kila mtu anapofikia mstari wake na kuifunga akimaliza, neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa, kila usiku. Huyo naye anapiga ala, ila hakuna anayempigia makofi.

Na kuna hili la umbali. Sauti inasafiri mita 34 hivi kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Inaonekana ndogo, lakini kwa dramu ni pengo la kutosha kuvuruga mdundo. Aliye nyuma kabisa, spika ya jirani yake ikitoa sauti mara moja na ile ya jukwaani ikachelewa, atasikia kila pigo mara mbili. Tunachelewesha spika za nyuma makusudi ili mawimbi yafike pamoja. Ikifanywa vizuri, mtu wa safu ya mwisho anaapa kwamba sauti imetoka mdomoni mwa mwigizaji. Besi anaisikia kifuani, maneno anayasikia masikioni, na macho yake hayamwachi yule aliye kwenye mwanga.

Aliyewafungulia njia wengi wetu ni Abe Jacob. Alitoka kwenye matamasha ya roki, akaitwa kuokoa sauti ya hiyo Jesus Christ Superstar ya Broadway 1971. Kabla ya watu wa aina yake, jina la msanifu wa sauti halikuwa na nafasi ya maana kwenye kitabu cha onyesho.

Msomaji Kimya

Nawasoma kwa makini, lakini mimi nilitoka kwenye onyesho moja la aina hii nimechukia. Sikushika hata nusu ya maneno. Gitaa limefunika kila kitu, watu wanakimbia jukwaani, mtu analia na mimi sijui analia nini. Nilirudi kwenye rekodi nikaelewa vizuri zaidi. Sasa faida ya kwenda ni ipi?

Pazia Jekundu

Ndugu yangu, una haki ya kuchukia. Maneno yakipotea tamthilia imekufa, na hakuna mwanga wala moshi utakaoifufua. Mwongozaji anayeacha bendi imeze maneno hajaelewa kwa nini roki iliitwa kwenye hadithi hiyo.

Ila walioelewa wamelifanyia kazi hilo kwa namna nzuri sana. Spring Awakening ya Duncan Sheik na Steven Sater ilifunguliwa Broadway Desemba 2006. Imejengwa juu ya mchezo wa Frank Wedekind wa 1891, kuhusu vijana wa Kijerumani ambao watu wazima hawataki kuwaambia chochote juu ya miili yao. Wanavaa sare za karne ya 19, wanakaa wima madarasani, wanaongea kwa adabu ya kulazimishwa. Jambo likiwazidi, kijana anaingiza mkono ndani ya koti lake la shule na kutoa maikrofoni. Hapo hapo mwanga unageuka, dramu inaingia, na lile lililokatazwa kusemwa darasani linaimbwa. Wimbo ukiisha maikrofoni inarudi kotini, na mwalimu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu kwake hakuna kilichotokea. Roki pale ndiyo chumba pekee ambamo hao watoto wanaweza kusema ukweli. Kila neno unalisikia, maana kila neno limeruhusiwa pale tu.

Ushauri wangu: sikiliza albamu nzima kabla ya kwenda, hata mara moja. Najua wapo wanaosema unajiharibia. Kwa tamthilia ya kawaida ningekubali. Kwa hizi, ukiwa na maneno kichwani, masikio yanakuwa huru kusikia kile ambacho kimebadilika usiku huo.

Alto wa Pili

Mimi ni mwimbaji, naomba niseme kidogo kuhusu hilo koo mnalolizungumzia.

Ratiba ya kawaida Broadway na London ni maonyesho 8 kwa wiki. Mwimbaji wa bendi akiwa ziarani anaweza kushusha wimbo, kupanga nyimbo nyepesi baada ya nzito, kumwachia mpiga gitaa dakika tano apumue. Mwigizaji hana ruhusa hiyo. Wimbo mgumu uko pale pale ulipoandikwa, mara nyingi baada ya tukio la kulia au kupigana, na siku ya maonyesho mawili anaurudia baada ya saa chache.

Kwa hiyo ule mkwaruzo mnaousikia, ile sauti kama ngozi inachanika, kwa aliyefundishwa haitoki kwenye nyuzi za sauti zenyewe kusuguana. Inatengenezwa na tishu zilizo juu yake kutikisika, huku nyuzi chini zikiimba noti safi. Inachukua muda mrefu kuijua, na ukikosea siku moja unaweza kunyamaza wiki. Ndiyo maana baadhi ya nafasi nzito hupewa watu wawili wanaogawana wiki.

Pazia Jekundu, umesema mpasuko ule ulimfanya awe mtu anayeogopa kufa. Huenda ulikuwa umepangwa. Huenda haukupangwa. Uzuri ni kwamba hata mimi nikiwa kwenye kiti, na kazi hii naijua, sitambui kila mara. Nakaza miguu yangu mwenyewe kama vile nitamsaidia kufika.

Mzee wa Santuri

Vijana wangu, mmeanzia katikati ya njia. Turudini kwenye Hair.

Ilianza Oktoba 1967 kwenye Public Theater, New York, na Aprili 1968 ikahamia Broadway, ukumbi wa Biltmore, ikachezwa mara 1,750. Maneno yalikuwa ya Gerome Ragni na James Rado, waigizaji wawili. Muziki ulitungwa na Galt MacDermot, Mkanada aliyesomea muziki Chuo Kikuu cha Cape Town. Hilo lishikeni vizuri. Mwenyewe hakuficha kwamba midundo aliyoisikia kusini mwa Afrika iliingia kwenye utunzi wake. Anayedhani tamthilia ya roki ilizaliwa na gitaa la mzungu peke yake asikilize upya besi na dramu za Hair.

Uingereza, tangu 1737, mchezo wa jukwaani ulihitaji kibali cha afisa wa kasri aliyeitwa Lord Chamberlain. Yeye ndiye aliyekata maneno na kuzuia matukio. Sheria iliyofuta mamlaka hayo ilianza kutumika tarehe 26 Septemba 1968. Hair ilifunguliwa Shaftesbury Theatre, London, tarehe 27. Fikirieni kuwa ndani ya ukumbi ule: kwa zaidi ya miaka 200 kuna mtu aliyekuwa akisoma kila ukurasa kabla yako, na sasa vijana wanasimama mbele yako kuimba juu ya vita vya Vietnam, ubaguzi wa rangi, dawa za kulevya na miili yao, na jana tu usingeruhusiwa kuyaona. Waliendelea mpaka Julai 1973, sehemu ya dari ya ukumbi ilipoanguka, yakiwa yamebaki maonyesho 3 kutimia 2,000.

Na ukumbi huo huo, ulipokuwa bado unaitwa Princes, ndio ulioipokea King Kong kutoka Afrika Kusini mwaka 1961, tamthilia juu ya bondia, muziki wa Todd Matshikiza. Ile ilikuwa jazi, sitaiita roki. Lakini nani atakataa kwamba ilionyesha London jinsi muziki wa mitaani unavyoweza kubeba msiba mzima jukwaani?

Pazia Jekundu

Shikamoo mzee wetu. Hilo la Cape Town sikulijua, na la ukumbi mmoja kupokea zote mbili limenifanya nisimame kitini. Asante sana.

Umenikumbusha kwamba hatari kwenye tamthilia hizi haikuwa ya koo peke yake. Na hapo siwezi kuikwepa Rent.

Jonathan Larson aliichukua La bohème ya Puccini, opera iliyoonyeshwa mara ya kwanza Turin tarehe 1 Februari 1896, akaihamishia kwa wasanii maskini wa New York. Kifua kikuu cha kwenye opera kikawa UKIMWI. Aliitumikia kazi hiyo kwa miaka huku akihudumu mgahawani. Usiku wa tarehe 24 Januari 1996 walifanya mazoezi ya mwisho ya mavazi kwenye New York Theatre Workshop. Alfajiri ya tarehe 25, siku ambayo watazamaji wa kwanza walitarajiwa, Larson alifariki nyumbani kwake kwa kupasuka mshipa mkuu wa moyo. Alikuwa na miaka 35.

Onyesho la usiku huo lilifutwa. Badala yake waigizaji waliamua kuiimba yote kwa ajili ya familia na marafiki, wakiwa wameketi mezani, bila kucheza. Walijitahidi kukaa. Walipofika La Vie Boheme, wimbo unaofunga sehemu ya kwanza, wa vijana wanaokataa kuomba radhi kwa kuwa hai, hawakuweza tena. Walipanda juu ya meza wakaicheza yote iliyobaki.

Nikiulizwa tamthilia ya roki ni nini nasimulia tukio hilo na sihitaji kuongeza. Muziki ule uliandikwa kwa namna ambayo mwili hauwezi kuuimba ukiwa umekaa.

Aprili mwaka huo ikahamia Broadway, Larson akapewa Pulitzer akiwa hayupo, na ikachezwa mara 5,123 hadi Septemba 2008. Viti vya safu mbili za mbele viliuzwa dola 20, na vijana walilala nje kwenye foleni kuvisubiri, mpaka utaratibu ukabadilishwa kuwa bahati nasibu. Kwa hiyo waliokuwa karibu zaidi na waigizaji kila usiku ni wale wasio na fedha, watu walewale ambao tamthilia inawahusu. Bendi ya watu 5 ilikuwa pale pale jukwaani, inaonekana. Sehemu ya pili inapoanza, waigizaji wote wanajipanga mstari mmoja mbele, hawaigizi, wanatutazama tu na kuuliza mwaka wa maisha ya mtu hupimwaje, dakika 525,600. Nilipoiona, watu wa safu yangu walianza kulia kabla ya neno la kwanza, kwenye zile noti za kinanda tu.

Kinubi

Mkuu, nimekuelewa sasa. Hilo la meza limenipata.

Je, ni za Kiingereza tu? Kuna lugha nyingine?

Mzee wa Santuri

Zipo, mwanangu. Wafaransa walikuwa na Starmania ya Michel Berger na Luc Plamondon, ilipanda jukwaani Paris 1979. Moscow, ukumbi wa Lenkom, 1981, kulikuwa na Juno na Avos ya Alexey Rybnikov, inayochanganya nyimbo za ibada za Kiorthodoksi na gitaa la umeme, na hilo ndani ya Umoja wa Kisovyeti. Budapest, Agosti 1983, waliicheza István, a király nje, kwenye bustani ya mji, juu ya mfalme wa kwanza wa Hungaria. Ile niliipata kwa santuri tu. Umati unaposikika mwishoni unajua kwamba haushangilii wimbo peke yake.

Alto wa Pili

Nami niongeze moja nyepesi: School of Rock ya 2015, pale Broadway. Kabla haijaanza linatolewa tangazo kwamba watoto mtakaowaona wanapiga ala wenyewe. Na kweli wanapiga. Mtoto aliyebeba gitaa la besi linalomzidi kimo anaingia kwenye mdundo pamoja na dramu bila kutetereka, na watu wazima wanaruka vitini. Hadithi yake ni rahisi. Lakini hoja ya mleta uzi inasimama hata hapo: tunajua itaisha kwa shangwe, ila hatujui kama vidole vile vidogo vitafika.

Msomaji Kimya

Sawa, mmenivuta. Nitajaribu tena. Nikae wapi? Na nikifika nikakuta yule mwigizaji maarufu haigizi usiku huo, nidai fedha zangu?

Fundi wa Spika

Kaa katikati, nyuma kidogo ya nusu ya ukumbi, karibu na meza ya sauti ukiiona. Sauti inapimwa kutokea hapo. Safu ya kwanza utaona jasho na kusikia dramu zenyewe, lakini spika nyingi zitakuwa zinaongea juu ya kichwa chako. Chini ya roshani, nyuma kabisa, epuka ukiweza, besi hujikusanya pale ikawa nzito kuliko ilivyokusudiwa.

Pazia Jekundu

Kuhusu swali la pili, ndugu yangu, usidai chochote. Baki.

Kila tamthilia ya aina hii ina waigizaji wa akiba. Wengine wanajua nafasi moja ya mhusika mkuu, wengine wanabeba kichwani nafasi nyingi kwa wakati mmoja, kila hatua ya kucheza na kila sauti ya kuitikia, na wanaweza kuambiwa saa chache kabla ya pazia, au wakati wa mapumziko, kwamba leo ni wewe. Ubao wa mlangoni unabadilishwa jina, au kikaratasi kinawekwa ndani ya kitabu cha onyesho. Ukikiona, jua kwamba utamtazama mtu ambaye ameiimba noti ile ya Gethsemane mazoezini na chumbani kwake, pengine hajawahi kuiimba mbele ya ukumbi uliojaa. Wenzake wote jukwaani watakuwa wanamsikiliza kwa umakini wasioutumia siku za kawaida. Bendi pia. Mtaisikia kwa mara ya kwanza pamoja naye.

Mimi nikikuta kile kikaratasi, nasogea mbele ya kiti kabla taa hazijazimwa.